Pindo la Gauni la Kijani

Kabati langu la nguo linanuka mafuta ya cherehani. Mume wangu kila akilifungua huniuliza kama nimemficha fundi humo ndani. Namjibu ndiyo, yumo, na asimsumbue. Harufu yenyewe inatoka kwenye gauni moja la kijani lenye nukta nyeupe, gauni la Shangazi Kabula, dada yake baba, ambaye tulimzika mwaka huu kule Busisi. Nimelifua mara mbili na harufu ya mafuta haitoki. Hata ile harufu ya pasi ya mkaa haitoki, na mimi nimeacha kulifua.

Sisi tuliokua kabla ya daraja tunaijua Busisi nyingine. Siku hizi unavuka ziwa umekaa ndani ya gari, na kabla hujamaliza karanga zako umeshafika ng'ambo. Wakati ule ulishuka, ukasubiri kivuko, ukanunua samaki wa kukaanga ambaye hukumpangia, ukasubiri tena. Kusubiri huko ndiko kulikomlisha Shangazi. Alikuwa na cherehani ya miguu chini ya banda la bati, hatua chache kutoka gatini, na wateja wake wengi walikuwa wasafiri waliochanikiwa nguo njiani.

Mtu mzima na heshima zake alikuja akitembea kwa ubavu, mkono mmoja kaupeleka nyuma. "Mwadila mayu," alisalimia kwa Kisukuma, sauti chini. "Fundi, niokoe." Shangazi alimrushia khanga moja iliyopauka, aliyoiweka kwa kazi hiyo tu, mtu akajifunga, suruali ikaingia kwenye cherehani. Wafanyabiashara, walimu, hata mchungaji mmoja, wote nimewaona kwenye benchi lile na khanga ile kiunoni. Kivuko kikipiga honi walianza kuchezacheza miguu, na Shangazi ndipo alipopunguza mwendo makusudi. "Mwenye haraka angevaa suruali inayomtosha," alisema. Nilicheka sana pale bandani, na nashukuru kwamba nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimepelekwa huko kwa jambo lisilochekesha.

Mama alikuwa anaumwa. Alianza kwa kukohoa, akakonda, mwisho baba akampeleka hospitali mjini Mwanza, akalazwa wodi ya kifua ambako watoto hawakuruhusiwa kuingia. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Shinyanga, kesho Geita, na nyumbani kwetu Nyakato hapakuwa na mtu wa kunipikia. Nikaambiwa nakwenda kwa Shangazi kwa siku chache. Nilikuwa darasa la kwanza, na siku chache za watu wazima nilikuwa bado sijazipima urefu wake.

Wiki niliyofika, bibi mmoja jirani alifariki. Matanga yalipokwisha ndugu wakakaa kugawana nguo zake, na Shangazi akaenda nami. Nguo zilikuwa zimerundikwa juu ya mkeka. Mzee mmoja aliinua moja moja, akataja jina, aliyetajwa akaja kuipokea kwa mikono miwili. Khanga zilizochakaa zilichanwa katikati ili kila mjukuu apate japo kipande. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza Shangazi, "Na mwenyewe akizitaka?"

"Hawezi kuzitaka tena, mwanangu."

"Na kama angekuwa hai?"

"Angekuwa hai nani angethubutu? Nguo za mtu aliye hai hazigawanywi wala hazichanwi. Ni mkosi." Akasema hivyo kama mtu anayemwambia mtoto asichezee moto, kisha akaanza kuzungumzia mboga za jioni.

Kisha baba akaja na begi. Lilikuwa lile begi kubwa la plastiki la miraba ambalo watu huliita shangazi kaja, na Shangazi akatania kwamba leo mambo yamegeuka, shangazi kajiwa. Baba hakucheka. Wakaenda kuongea nyuma ya banda. Nilisikia neno moja tu, kwa sababu Shangazi alilisema kwa sauti: "Sitaki!" Waliporudi, baba aliniwekea mkono kichwani.

"Mama hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo," akasema, akikitazama kivuko.

Akaondoka na kivuko hichohicho. Begi likabaki.

Kesho yake asubuhi niliamshwa na mkasi. Shangazi alikuwa na mkasi mkubwa mweusi ambao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuushika, na sauti yake kwenye kitenge kigumu ilisikika hadi chumbani. Nilipotoka nikamkuta ameinama juu ya meza, anakata nguo za mama. Nilizijua zote. Kile cha njano ya embe cha kwendea sokoni. Sketi yake ya rangi ya damu ya mzee. Kitenge cheusi chenye maua meupe. Na kile cha bluu chenye mbayuwayu, ambacho alinibebea mgongoni nikiwa mdogo, na ambacho hata nilipokua niliendelea kukivuta pembe nikitaka kulala. Shangazi alivikata virefu virefu kama bamia, bila huruma, midomo kaibana.

Sikuuliza kitu. Mtoto akishajua jambo haulizi. Nguo za mtu aliye hai hazigawanywi wala hazichanwi, alikuwa ameniambia mwenyewe, na hizi hapa zinakatwa. Basi mama amekufa. Wamemzika huko mjini na wananificha. Nilirudi ndani, nikalala kifudifudi, nikauma shuka ili nisisikike.

Jioni hiyo Shangazi aliniita nimsaidie. Alitandika mkeka wa ukindu chini ya banda, akaniambia niutazame vizuri, jinsi ukindu mmoja unavyopita juu ya mwenzake kisha unazama chini ya unaofuata. Alitaka kushona blanketi la viraka litakaloonekana hivyo. "Ila kitambaa hatukisuki," akasema. "Tunalidanganya jicho." Akaweka kipande kirefu cha njano katikati. Kushoto kwake akaweka kifupi cha bluu, kulia kifupi kingine cha bluu. Akaniambia nirudi nyuma hatua mbili. Nikarudi, na kweli, ule mshipi wa bluu ulikuwa umepita chini ya njano ukatokea upande wa pili.

Nikasogea, nikainua kile cha njano. Chini hapakuwa na kitu.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Haipo. Umeiweka wewe mwenyewe kichwani." Akacheka, furaha ya fundi anayejua kazi yake. Leo naikumbuka sentensi hiyo nikiwa naosha vyombo au niko foleni benki pale Nyamagana, na bado inanishangaza.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Asubuhi shule, mchana na jioni viraka. Yeye alikata na kushona, mimi nilipanga juu ya mkeka: kirefu kimoja, vifupi viwili, kirefu kimelala, kirefu kimesimama. Nilinyoosha mishono kwa kucha, nikalowanisha uzi ulimini kabla ya kuutunga, nikapepea mkaa wa pasi hadi macho yakaniwasha, na hilo lilinisaidia kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa nini natoa machozi. Kitenge kikipigwa pasi kilitoa harufu ya mama. Shangazi naye alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Wateja wa suruali walisubiri, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mmoja alipolalamika aliambiwa kuna mtu anasikia baridi kuliko yeye.

Mimi nilikuwa na hesabu zangu. Niliamini kwamba blanketi likiisha, wataita watu, wataniketisha katikati na kuniambia. Kwa hiyo lisiishe. Kwanza nilijaribu kupanga vibaya, Shangazi akafumua kwa wembe na kunirudishia bila kunigombeza. Kisha nikaiba. Nilichukua kipande kirefu cha bluu, cha mwisho, chenye mbayuwayu watatu wazima, nikajifunga kiunoni chini ya gauni. Nilidhani nimeficha kweli. Kila jioni nilipokwenda kuoga nilikivua na kukiweka chini ya jiwe, kisha namwita Shangazi aje anisugue mgongo, huku kiuno changu kina alama ya fundo iliyo wazi kama njia ya ng'ombe. Hakusema neno.

Siku ya kiraka cha mwisho ilikuwa siku ya gulio, watu wamejaa gatini. Mwalimu mmoja aliyekuwa akienda Sengerema alikuwa kakaa kwenye benchi na ile khanga kiunoni, anasubiri suruali yake. Shangazi akahesabu vipande, akahesabu tena.

"Kirefu cha bluu hakionekani," akasema.

Nikatazama ziwa.

"Panya wa Busisi nao wamekuwa mafundi," akasema, na akaingia ndani. Alitoka na gauni lake la kijani lenye nukta nyeupe. Hilo ndilo lilikuwa gauni lake la Jumapili, la kuimbia kwaya, pekee alilokuwa nalo lisilo na doa la mafuta. Akaligeuza, akashika pindo kwa chini, akachukua ule mkasi mweusi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wangu ulitoka hapo. Niliruka, nikaushika mkono wake kwa meno na kucha. "Usikate! Usikate la kwako! Usife na wewe!"

Mkasi ukaanguka. Banda zima likageuka. Mwalimu akainuka, akakumbuka khanga, akaketi tena.

"Nani amekufa?" Shangazi akauliza.

"Mama! Mmemkatia nguo zote! Mmenificha! Na sasa unakata zako!"

Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika uso vile. Alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kupiga magoti nje ya kanisa, akanishika mabega. "Mungu wangu," akasema. "Mtoto amebeba msiba peke yake wiki mbili, nami nakaa naye meza moja." Akanivuta kifuani. Alinuka mafuta ya cherehani, mkaa na jasho. "Mama yako yu hai. Unanisikia? Anaumwa, lakini yu hai. Hili blanketi ni lake. Ni la kujifunika yeye."

"Kweli?"

"Kesho utamwona kwa macho yako."

Nilitaka kuamini, na nusu yangu haikuamini. Nililia hadi kwikwi. Kivuko kilipiga honi mara mbili kikaondoka, na mwalimu wa watu akabaki hapo benchini, suruali yake imekaa juu ya cherehani na sindano ndani yake. Hakulalamika. Alininunulia andazi.

Shangazi alipomaliza kunibembeleza, aliokota mkasi akaniambia, "Sasa angalia vizuri. Nakata gauni langu, na nitakula ugali leo jioni kama kawaida." Akakata pindo lote la mbele, akatoa kipande kirefu cha kijani, akakipitisha mahali ambapo bluu ilipaswa kupita. Jioni nilimhesabia matonge. Alikula vizuri kabisa.

Asubuhi tukavuka, blanketi limekunjwa mapajani kwake. Pale hospitali muuguzi alikuwa mkali, hakuniruhusu hata kukanyaga barazani, na sasa namwelewa. Nilisimamishwa uani, chini ya madirisha, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri kwa muda ambao siwezi kuupima. Kila mtu aliyepita dirishani nilimkagua. Hatimaye akatokea mtu mwembamba, shingo kama ya ndege, amejifunika mkeka wa vitambaa wa njano na nyeusi na bluu na damu ya mzee. Sikumjua kwa uso. Nilimjua alipoinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyofanya siku zote akinitafuta kwenye kundi la watoto.

Nikainua gauni langu mbele ya wagonjwa na wageni wao wote, nikafungua fundo la kiunoni, nikaupunga ule mshipi wa mbayuwayu juu ya kichwa. Mama akautazama. Akatazama blanketi lake, akapata mahali penye kijani, akaweka mkono hapo. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha, akaendelea kucheka. Shangazi aliyekuwa amesimama nyuma yake dirishani alikuwa anajifuta macho kwa futi ya kupimia aliyosahau kuivua shingoni.

Mama alipona. Nalisema kwa haraka lakini halikwenda haraka. Zilipita mvua za vuli na za masika, na dawa nyingi kuliko chakula. Siku aliyokuja Busisi kwa miguu yake, akishuka kivukoni na kikapu kichwani, Shangazi hakumkumbatia kwanza. Alimsimamisha katikati ya banda, akachukua futi, akampima kifua, kiuno, na urefu, mimi nikiandika namba kwenye daftari la hesabu. Wote wawili walikuwa kimya, na nilidhani ni kwa sababu kupima kunataka utulivu.

Nilikuwa tayari mama wa watoto wangu mwenyewe siku mama aliponieleza begi lile lilikuja na maneno gani. Kule wodini alikuwa amekata tamaa. Kwetu sisi, mke akifa, dada wa mume ndiye husimamia mgawo wa nguo zake, kwa hiyo alimtuma baba ampelekee wifi yake nguo mapema, na majina: cha bluu apewe mdogo wake, cha njano jirani wa Nyakato, sketi ya damu ya mzee nitunziwe mimi hadi nikue. Hakutaka watu wahangaike baadaye. Baba aliyataja majina hayo nyuma ya banda, na ndipo Shangazi akasema sitaki. Kisha, kabla mkasi haujagusa hata uzi mmoja, akampa baba jibu la kupeleka hospitali, na mama alilishika moyoni neno kwa neno: "Mwambie wifi yangu nguo zake nimezikata zote. Hakuna cha kugawa. Akitaka nguo, aje nimpime."

Mama alisema aliposikia hivyo alikasirika sana hata akamaliza uji.

Nimekaa na habari hiyo miaka mingi. Nilivyoona vilikuwa vya kweli vyote: begi lilikuja, baba hakunitazama, mkasi ulipita kwenye nguo za mama. Cha katikati ndicho nilichojiwekea mwenyewe. Na sijawahi kumlaumu yule mtoto, kwa sababu hata mama alikuwa amejiwekea hichohicho. Mtu mmoja tu katika ukoo mzima ndiye aliyekataa, na alikataa kwa mkasi, akijua wazi ni mkosi. Namshukuru kwa hilo. Namshukuru kwa kiuno changu alichokiona kila jioni na asiseme, na kwa pindo lake.

Mwaka huu matanga ya Shangazi yalipokwisha, tulikaa uani kwake Busisi kugawa nguo. Magari yalikuwa yanapita darajani mfululizo, hakuna aliyesimama kushonesha suruali. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu, mnene sasa, magoti yanamsumbua, na mfuko mapajani. Mzee aliyesimamia aliinua nguo moja moja na kutaja majina. Alipofika kwenye gauni la kijani akaligeuza huku na huku.

"Hili nani alilitafuna pindo?" akauliza. Watu wakacheka kidogo. Shangazi alikuwa ameliimbia kwaya miaka yote hiyo, fupi mbele, refu nyuma, na hakuwahi kulipeleka kwenye cherehani yake mwenyewe. "Basi, wifi wa marehemu, hili ni haki yako. Njoo upokee."

Mama hakuinuka.

"Mpe mwanangu," akasema. Akafungua mfuko wake, akatoa blanketi lililochujuka, akalitandaza magotini hadi akapata kile kipande cha kijani chenye nukta nyeupe, akakifunika kwa kiganja.

"Mimi yangu nilishapewa."